Wote Waliomtaja Lagimaina

Simu ilitakiwa kulia saa kumi na moja jioni. Ilipofika saa tatu usiku ilikuwa bado imelala kifudifudi juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la magimbi na sahani ya nyama ya kopo ambayo hakuna aliyeigusa. Sieni alikuwa ameshaifuta meza ile mara nne.

Kamati ya chuo kikuu ilikaa tangu mchana kuamua kama binti yake, Lagimaina, atapewa uprofesa au atanyimwa. Mkuu wa kitivo aliahidi kupiga mwenyewe. Lagi, kama watu wote walivyomwita, hakutaka kuipokea simu hiyo peke yake kwenye fleti yake ya mjini. Aliendesha gari hadi kitongoji cha Woodridge kwa wazazi wake, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti alichokuwa akikalia alipofanya kazi za shule. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuja na mkoba mzito, akauweka miguuni na hakuufungua.

Penaia, baba yake, alijitahidi kuleta mzaha. Tangu Lagi aingie alikuwa akimwita profesa. Alimuuliza profesa kama anajua kwa nini feni ya sebuleni inakoroma, na kama profesa angeona vibaya kupanda kiti akaitazame. Lagi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Zamu ya Penaia ghalani ilianza alfajiri, kwa hiyo alipoona mzaha haushiki aliwaaga akaenda kulala, na jikoni wakabaki mama na binti.

Sieni hakuweza kukaa bure penye wasiwasi. Alitoa simu yake mfukoni mwa gauni, akavaa miwani, akafungua ukurasa aliokuwa akiufungua kila asubuhi kabla ya sala. Ulikuwa na jina la Lagi, picha yake ya zamani, na orodha ya makala zake arobaini na tatu, kila moja na nambari yake pembeni. Nyingi zilikuwa na nambari ndogo, tisa, kumi na nne, thelathini. Moja ilizipita zote, na nambari ya hiyo Sieni aliijua kama alivyojua tarehe za kuzaliwa watoto wake.

Sieni alizaliwa kisiwani Savai'i, huko Samoa, akaacha shule ana miaka kumi na mitatu ili amuuguze bibi yake. Alipitia Auckland kwenye kiwanda cha kufungasha kuku, na kwa miaka ishirini na miwili sasa alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wazee hapa ugenini, Logan. Kiingereza chake kilimtosha kazini na dukani. Kuhusu vinasaba alijua alichoelezwa na Lagi, kwamba kila mwili una maandishi yake, marefu kuliko Biblia, na kazi ya Lagi ni kuyasoma na kutafuta panapoleta ugonjwa. Habari ya nambari aliielewa vizuri zaidi. Mtafiti akigundua jambo akaliandika, na mwingine popote duniani akaandika lake na kusema hili nimelipata kwa fulani, fulani huyo ametajwa. Wanaotajwa hesabu zao huwekwa, na wanaotajwa sana hupandishwa cheo. Hilo lilimwingia mara moja, kwa sababu kanisani kwao pia mtu akitoa, jina lake husomwa mbele ya wote.

Akina mama wenzake walikuwa na watoto wa raga na watoto wa jeshini. Yeye alikuwa na nambari. Kila Jumapili baada ya ibada, kwenye foleni ya chai, rafiki yake Fuatino alimuuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Haya, mama Lagi, wiki hii wamemtaja wangapi?"

"Mia tisa na kumi na wawili."

"Na katika wote hao mia tisa hakuna hata mmoja wa kumuoa?"

Wanawake walicheka hadi chai ikawamwagikia, na Sieni alicheka nao, lakini nambari hakuacha kuitaja.

Sasa, usiku huu wa kungoja, aliisogeza simu karibu na taa. "Lagi," alisema, "unajua Jumatatu iliyopita ilikuwa ngapi? Elfu moja mia moja thelathini na tisa. Leo ni elfu moja mia moja themanini na saba. Arobaini na nane kwa wiki moja. Haijawahi kupanda hivi."

Alitaka kumpa moyo. Lagi aliziba uso kwa viganja.

"Usinisomee hiyo nambari, mama."

"Kwani hao wa kamati hawaioni?"

"Wanaiona. Ndiyo maana hawapigi."

Hapo Lagi akaanza kueleza, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Makala ile kubwa ilikuwa juu ya jongo, ule ugonjwa unaovimbisha kidole gumba cha mguu hadi mtu ashindwe kuvumilia shuka juu yake. Lagi alisoma vinasaba vya vijana walioupata mapema, kabla ya miaka thelathini. Katika familia kumi na moja za Logan alikuta kijana anaugua ilhali baba hana na mama hana. Aliandika kwamba ugonjwa unaojulikana kuwa wa kurithi unaweza pia kuchipuka upya kwa mtoto aliyekulia ugenini. Wazazi hawakusomwa damu, maana gharama wakati ule zilikuwa kubwa mno. Walipimwa maungo na kuulizwa maswali. Jambo lile lilikuwa jipya, na dunia ikalidaka.

"Mwezi uliopita watu wa Auckland wametoa kazi yao," alisema. "Wamerudia yangu, ila wao wamesoma na damu za wazazi. Familia mia mbili. Hawakupata hata moja kama zangu."

"Sasa hawa arobaini na wanane wanakutaja cha nini?"

"Kusema nimekosea, mama. Huwezi kumkanusha mtu bila kumtaja. Mashine inayohesabu haijui. Anayenisifu ni mmoja, anayenizika ni mmoja."

Sieni alivua miwani. Jana tu, Jumapili, alisimama kwenye foleni ya chai akawaambia wenzake kwamba nambari imepaa kwa kishindo, na mke wa mchungaji akampa mkono. Alihisi uso unamwaka, kisha ukampoa ghafla, kama mtu aliyeshangilia msibani bila kujua.

Simu ya Lagi iliyokuwa juu ya meza ikalia. Lagi aliipokea amesimama. Alisema ndiyo mara tatu, akasema asante, akaikata. Kamati haikuamua. Ilitaka imsikie kwanza, kesho saa nne asubuhi, na swali lilikuwa moja tu, kama bado anaisimamia makala yake au haisimamii tena.

"Utawaambia nini?" Sieni aliuliza.

"Ninaisimamia." Lagi aliuinua mkoba ule mzito, akatoa bahasha, na ndani yake fomu kumi na moja zilizobanwa pamoja. "Wa Auckland wanasema bila shaka sikuuliza nani alimzaa nani. Wananiona kama mtafiti wa kigeni aliyeshuka kwenye ndege. Mimi nawajua watu wetu. Najua watoto wetu wanavyopewa shangazi, wanavyopewa bibi, wanavyohama nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo nililiweka swali. Tazama."

Alizitandaza mezani moja moja. Swali la sita lilikuwa kwa Kisamoa: Je, mama na baba hawa ndio waliokuzaa? Chini yake visanduku viwili. Katika fomu zote kumi na moja, kisanduku cha ndiyo kilikuwa na alama ya vema, ya penseli, nzito, mkia wake umepinda kushoto.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyepinda vema namna ile.

"Wewe ndiye uliyewauliza," Lagi alisema, na kwa mara ya kwanza usiku ule sauti yake ilikuwa na uhai. "Mmoja mmoja, na hukuliruka hata mara moja. Kesho nawawekea hizi mezani."

Sieni alizitazama fomu. Alisoma jina la juu kabisa, Iakopo, akalisoma tena. Aliinuka akafungua bomba la sinki ili mikono yake iwe na cha kufanya.

Miaka kumi na miwili nyuma, Lagi hakuwa na pesa za kuajiri mtu wa kuuliza maswali, na Sieni alijitolea. Watu wangemfungukia yeye kuliko mgeni mwenye koti jeupe. Walikaa ukumbini mwa kanisa Jumamosi tatu, muuguzi upande huu na sindano zake, Sieni upande wa pili na penseli. Wa kwanza alikuwa Iakopo, kijana wa Fuatino, anachechemea kwa kidole kilichovimba, na Fuatino mwenyewe kakaa ubavuni kwake amemshika mkono.

Maswali matano yalikwenda vizuri. La sita Sieni alilisoma kwa macho, akafungua mdomo, akaufunga. Iakopo alizaliwa na Sefina, mdogo wake Fuatino, na alikabidhiwa Fuatino akiwa na wiki moja, kitovu hakijakauka. Hakuna mtu wa kijijini kwao asiyelijua jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulitamka mbele ya Fuatino. Umuulize mwanamke aliyekesha na mtoto, akamlipia shule kwa kufagia ofisi usiku, tena mtoto mwenyewe yupo, kama kweli huyu ni wako. Lingekuwa tusi. Sieni aliinamisha kichwa, akatia vema, akahamia swali la saba. Aliona hata amefanya jambo la kiungwana. Kwa mwingine aliyefuata mwenye habari kama ile, mkono ulikwenda wenyewe.

Kuhusu Sefina alikumbuka kitu kimoja zaidi, nacho ndicho kilichomfanya ashike ukingo wa sinki. Sefina alifia Apia, huko Samoa. Miaka yake ya mwisho alitembea kwa visigino, vidole vya miguu vimefungwa vitambaa.

Hakumwambia Lagi usiku ule. Lagi alilala sebuleni chini ya feni inayokoroma, akaondoka kabla hakujapambazuka ili akajiandae ofisini. Sieni alilala macho wazi akizipitia fomu kumi na moja kichwani kama anayezirudia Amri Kumi. Wanne. Watano. Saba alikuwa na hakika nao. Akinyamaza, binti yake atakula kiapo kwa alama za uongo, na cheo atakachopewa kitakuwa kimesimama juu ya uongo huo hadi siku mtu mwingine atakapoufichua. Akisema, cheo kinapotea leo, na makala iliyomfanya Lagi ajulikane inapotea nacho. Kila alipojaribu kupata njia ya tatu, hakuiona.

Lakini habari ya Iakopo haikuwa yake peke yake kuitoa. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye ua wa Fuatino, kiatu kimoja hakijafungwa. Fuatino alikuwa akimwagilia maua kwa mpira.

"Saa hizi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umekuja kuniambia nambari."

Sieni alimweleza yote amesimama pale pale kwenye majani yenye umande, kamati, watu wa Auckland, swali la sita. Fuatino alisikiliza hadi mwisho bila kusogeza mpira, maji yakajaa kwenye kitalu yakaanza kutiririka hadi kwenye viatu vyao.

"Kwa hiyo ulitia vema."

"Nilitia."

"Nami nilikuwa nimekaa pale pale. Si ungeniuliza?"

"Ulikuwa umemshika mkono, Fuatino. Ningeanzaje?"

"Nilimshika kwa sababu anaogopa sindano, mpumbavu wewe. Jitu zima, karibu azimie."

Miaka kumi na miwili Sieni alikuwa ameuficha mkono ule kama siri ya mtu. Hatimaye aliuliza kama kweli Fuatino angejibu.

Fuatino alifikiri. "Kwanza ningekuzaba kofi," alisema. "Halafu ningejibu."

Alikwenda kufunga bomba, na aliporudi uso wake haukuwa wa mzaha tena. Baada ya makala ile, alisema, daktari alimwambia Iakopo kwamba jongo lake halina asili, limeanza naye, hakuna haja ya kuwasumbua watoto kwa vipimo. Iakopo ana watoto watatu. Wa kwanza mwaka huu amelalamika mguu, wakasema ni viatu vya raga.

"Wewe na adabu yako," Fuatino alisema polepole. "Mmewaficha wajukuu wangu miguu ya bibi yao." Alimtukana matusi mawili ambayo Sieni hakuwahi kuyasikia kinywani mwa mtu wa kwaya. Kisha akampangusia matope gaunini kwa kiganja. "Nenda kamwambie. Na usilie mbele yake, utamchelewesha."

Treni ilijaa wanafunzi wa mitihani. Sieni alisimama njia nzima, ingawa alipishwa kiti mara mbili. Chuoni mijakaranda ilikuwa imemwaga maua kila mahali, na alijikuta anayakwepa, hataki kuyakanyaga. Ghorofa ya nne aliwahi kuifika mara moja tu, siku Lagi alipopewa ofisi, na siku ile alipiga picha kila kitu hadi mapipa ya taka.

Lagi alikuwa mlangoni anafunga, bahasha kwapani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Alimwona mama yake na kiatu chake ambacho bado hakijafungwa, akadhani baba amepatwa na jambo.

"Baba hajambo," Sieni alisema. "Zile alama si za kweli."

"Alama zipi?"

"Za swali la sita. Sikuwauliza."

Lagi alimtazama. "Sema tena."

Alisema tena. Alisema kwamba saba kati ya wale kumi na moja si wa kuzaliwa na waliowalea, ana hakika. Wawili ni wa kuzaliwa kweli. Wawili hajui, hakutaka kujua. Kwamba mama wawili katika wale waliozaa anawakumbuka, nao walikuwa na miguu ya kuvimba. Alisema yote kwa haraka, bila kulia.

Uso wa Lagi ulisawijika hadi midomo ikawa ya kijivu. Aliegemea mlango.

"Nililiandika kwa Kisamoa," alisema. "Nililiandika kwa Kisamoa ili usipate shida ya kulisoma."

"Sikupata shida ya kulisoma."

"Miaka kumi na miwili, mama. Kila siku unanihesabia watu wanaonitaja."

"Sikujua kwamba wanataja penseli yangu."

Lagi aligeuka, akaingia ofisini, akafunga mlango. Sieni alisikia ufunguo ukizunguka kwa ndani.

Alibaki kwenye korido. Hapakuwa na kiti. Mwanamke wa usafi alipita na kitoroli chake, wakasalimiana kwa kichwa kama watu wa kazi moja. Dakika zilikwenda. Saa ya ukutani ilipokaribia nne alisikia sauti ya Lagi upande wa pili wa mlango, kwa Kiingereza, akiongea kwa simu. Maneno mengi hayakumfikia. Yaliyomfikia yalitosha. Hapana, hatakuja mbele ya kamati. Hapana, si kosa la maabara, ni la kwake, hakuhakiki. Ndiyo, makala anaiondoa, atawaandikia wenye jarida leo hii. Ndiyo, na ombi la uprofesa pia. Anaelewa. Anaelewa vizuri.

Hakumtaja mama yake hata mara moja. Sieni alingoja alisikie jina lake, au neno mama, au angalau neno muulizaji, na halikuja. Lagi alilibeba kosa lote. Hapo ndipo alipoteleza ukutani taratibu hadi akakaa sakafuni, mkoba mapajani, mwanamke wa miaka sitini na moja kwenye korido ya chuo kikuu.

Saa nne ilifika ikapita. Aligonga mara moja, kwa kifundo cha kidole, na mlango haukufunguliwa. Hakugonga tena.

Baada ya muda mrefu sauti ilitoka karibu, kama Lagi naye amekaa chini upande wa pili.

"Upo bado?"

"Niende wapi?"

Kisha Lagi aliuliza, polepole, kwa Kisamoa safi cha kwenye fomu, "Iakopo, mama na baba hawa ndio waliomzaa?"

Sieni alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu, na hata kama angekuwepo asingeijua lugha. Bado alishusha sauti.

"Hapana," alisema.

"Sikusikia."

"Hapana. Alizaliwa na Sefina, mdogo wake Fuatino. Alifia Apia. Alitembea kwa visigino."

"Fuatino anajua kwamba unaniambia?"

"Nimepita kwake kwanza. Amenitukana, kisha akanituma."

Alisikia karatasi zinakusanywa sakafuni, kiti kikiburutwa. Ufunguo ulizunguka. Lagi alifungua mlango, macho mekundu, hakumtazama mama yake wala hakumpa mkono wa kuinuka. Alisimama tu pembeni, ameushikilia mlango wazi, na mkononi ana fomu ya pili, inayofuata ya Iakopo, na penseli.